Mama kaacha sukari ya chai lakini kipimo hakishuki, boflo ina nini?

Swali: Asalaam alaykum dokta. Mama yangu yupo hapa Wete, ana kisukari. Sukari kwenye chai kaiacha kabisa, asubuhi anakula boflo (mkate mweupe) tu lakini tukimpima baada ya masaa mawili iko juu. Boflo si tamu, hiyo sukari inatoka wapi? Na muhogo tumuachishe?

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu, mpe pole bi mkubwa. Kwanza wewe mwenyewe tia kipande cha boflo mdomoni ukitafune kama dakika moja bila kumeza, utaona kinaanza utamu. Ni mate hayo. Ndani yake mna kimeng'enya kinaitwa amilesi, kinakata wanga, na wanga ni glukosi nyingi (ndo hiyo sukari mnayoipima kwenye damu) zimetungwa kama shanga kwenye uzi, ulimi hauonji kitu mpaka uzi ukatike. Ikifika tumboni asidi inaizima ile amilesi, lakini mbele kwenye utumbo mwembamba kongosho linamwaga nyengine kwa wingi, ukuta wa utumbo unamalizia vipande vidogo na glukosi hiyoo inaingia kwenye damu.

Sasa boflo ni unga mweupe, makapi yametolewa, umesagwa laini na ushaiva, yaani hauna cha kuichelewesha amilesi. Sukari ya chai nusu yake ni glukosi, nusu fruktosi, ile sukari ya matunda, na fruktosi inapitia ini kwanza, haipandishi sana kipimo. Ndo maana kwenye ile skeli ya kupima chakula kinavyopandisha sukari ya damu, ambayo glukosi tupu ni 100, mkate mweupe unakaa kama 75 na sukari kama 65. (Sijasema airudishe kwenye chai!)

Muhogo msimuachishe, ila nao ni wanga, kwa hiyo kipande kimoja au viwili na samaki pembeni, protini na mafuta vinafanya tumbo litoe chakula polepole. Ndizi mbichi ina wanga mgumu kukatika, ikiiva unageuka sukari. Wali ukipoa sehemu ya wanga inakaza tena, lakini tofauti ni ndogo, isiwe sababu ya kujaza sahani.

Mie ningempunguzia boflo nusu nimuongeze mbaazi, wanga wake unakatika taratibu. Tumbo litajaa upepo kidogo, mbaazi zina sukari ambazo sisi hatuna kimeng'enya chake, zinateremka mpaka utumbo mpana bakteria wanazila wanatoa gesi, haina madhara.

Ila kama anachoma insulini au anakunywa vidonge vya kushusha, msimkatie wanga ghafla kabla hamjaongea na daktari wake, sukari inaweza kushuka mno. Mkimuona anatetemeka na jasho linamtoka, mpimeni, na ikiwa imeshuka mpeni maji ya sukari anywe hapo hapo, asianze kutafuna boflo.