Kabla ya Kukariri Majina ya Mvinyo, Jua Udongo

Kijana mmoja anayehudumia wageni hotelini Dar es Salaam ameniandikia: "Kaka, nami nataka kuwa mtaalamu wa mvinyo kama wewe. Nianzie wapi?" Umeuliza wakati mzuri, mdogo wangu. Nimefaulu mtihani hapa Ufaransa juzijuzi, na swali lililonibeba lilihusu mashamba niliyoyavuna mwenyewe.

Anza na udongo. Mimi nilianza kibarua cha kuvuna Châteauneuf-du-Pape, eneo la mvinyo la kusini, ambako sheria inataka zabibu zikatwe kwa mkono. Mashamba mengi ya kule yamefunikwa mawe ya mviringo, mengine makubwa kama boflo. Jua huyapasha kutwa. Jioni ukiinama kukata kichala unasikia joto likikupanda usoni. Chini yake kuna mfinyanzi unaotunza maji, ndiyo maana mizabibu inahimili kiangazi. Halafu kuna mistral, upepo mkali wa kaskazini: unakera, lakini unakausha majani na ukungu unakosa pa kushika.

Wengi huishia kwenye hayo mawe. Bosi wangu wa zamani mgahawani alikuwa hivyo. Nilipomuuliza habari za mashamba ya mchanga alinijibu, mbele ya wageni, kwamba mtu aliyekulia chai hawezi kuelewa mvinyo. Sijasahau.

Basi na asikie. Château Rayas, mojawapo ya majina ghali kabisa ya eneo hilohilo, mizabibu yake imesimama kwenye mchanga, na mvinyo wake mwekundu ni zabibu aina ya Grenache tupu: rangi nyepesi, harufu tele. Nenda Château de Beaucastel, kwenye mawe. Kule wanalima aina zote 13 za jadi za eneo hilo, na Mourvèdre, zabibu inayochelewa kuiva na kupenda joto, wameipa nafasi kubwa. Mvinyo wake ni mzito, na usipokaa miaka unakukaza ulimi.

Kwa hiyo kila chupa unayoifungua jiulize: zabibu gani, udongo gani? Bei waachie wageni. Nyie vijana mnapenda kupiga picha na chupa zenye majina. Picha haikufundishi kuonja. Omba kuonja tone linalobaki, andika kwenye daftari, kesho rudia. Zabibu gani, udongo gani. Mimi nilifanya hivyo huku nachekwa.

Ukijaliwa viza ya kibarua cha msimu, mavuno ya kule huwa Septemba. Njoo na kofia pana na glavu nzuri, mikasi tutakupa.