Sikio Lililozoea Kuvuja Likianza Kuuma

SWALI: Assalaam alaykum. Mwanangu wa kiume ana miaka 4 na kilo 16. Tangu mwaka jana sikio lake la kushoto hutoa usaha unaonuka. Tulipewa rufaa ya Mombasa, tukaambiwa ni kolesteatoma na lazima apasuliwe. Tunangoja tarehe. Wiki hii ameanza kuamka usiku akilia, mkono sikioni. Panado humtuliza kidogo tu. Bibi yake anataka kumtia mafuta ya habasoda yaliyopashwa moto. Nifanyeje?
*Mama wa Mkomani, Lamu*

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Mafuta yawekeni kando kwanza, tutayarudia.

Kolesteatoma ni ngozi iliyoota mahali si pake, nyuma ya kiwambo cha sikio. Ngozi yoyote hupukutika. Ya nje huondoka na maji ya kuoga, lakini hii ya ndani haina pa kutokea, hurundikana mwaka baada ya mwaka na kuila mifupa midogo ya kusikia. Si saratani. Na kwa kawaida haiumi: huvuja, hunuka, na kupunguza usikivu kimyakimya. Basi likianza kuuma, kuna kilichobadilika. Aghalabu rundo hilo limeingiwa na vijidudu, au usaha umekosa njia. Tazama mto wake asubuhi. Usaha ukikatika ghafla huku kilio kikizidi, msidhani amepona, umezibwa ndani.

Kwa hiyo usingoje tarehe ya upasuaji. Kesho mpeleke hospitali ya King Fahd hapo Lamu akatazamwe sikio. Lakini ukiona uvimbe au wekundu nyuma ya sikio, sikio limesukumwa mbele, uso umepinda upande mmoja, anayumba akitembea, anatapika, ana homa kali, shingo imekakamaa au amelegea na haamkiki vizuri, hata kesho ni mbali. Nenda saa hiyo hiyo, usiku na usiku.

Sasa maumivu. Panado (parasetamoli) "humtuliza kidogo tu" mara nyingi kwa sababu kipimo ni kidogo. Hupimwa kwa uzito, wala si kwa umri: miligramu 15 kwa kila kilo. Kilo 16 ni miligramu 240. Soma chupa. Ikiwa imeandikwa 120 mg kwa 5 ml, mpe 10 ml. Ikiwa ni 250 mg kwa 5 ml, mpe 4.8 ml tu. Hapa ndipo watu hukosea na kumpa mtoto maradufu. Pima kwa sirinji ya duka la dawa, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Rudia kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku nzima. Usingoje alie: dozi moja iwe nusu saa kabla ya kulala.

Isipotosha, ongeza ibuprofeni ya 100 mg kwa 5 ml: 7.5 ml baada ya chakula, isizidi mara 3 kwa siku. Usimpe akiwa anatapika au anaharisha, au kama ana pumu inayochochewa nayo. Upasuaji ukikaribia, muulize daktari lini aiache, kwani huweza kuzidisha kutokwa damu. Aspirini asipewe kabisa.

Usiku mwinulie kichwa kwa mto wa ziada. Kitambaa kilichochovywa maji ya vuguvugu na kukamuliwa sana, kikiwekwa nje ya sikio dakika 10, husaidia. Kijaribu kwanza kwenye kiganja chako.

Usaha ukaushwe kwa utambi. Kanga kuukuu iliyofuliwa na kupigwa pasi hufaa sana: kata kipande, kisokote kiwe na ncha laini, kiingize mdomoni mwa sikio tu, kikilowa tupa, weka kingine mpaka kitoke kikavu. Mara 3 kwa siku. Vijiti vya pamba husukuma uchafu ndani.

Mkiandikiwa matone, yawe ya siprofloksasini. Ya gentamisini yakipita kwenye tundu la kiwambo yanaweza kuharibu usikivu. Shika chupa mkononi dakika chache kwanza, maana matone baridi huleta kizunguzungu. Mlaze ubavu, vuta sikio juu na nyuma, dondosha, kisha bonyeza taratibu kile kinundu cha mbele ya tundu mara 4 au 5, akae hivyo dakika 5. Dawa ya kumeza peke yake huwa haifui dafu: husafiri kwa damu, na maganda yale ya ngozi iliyorundikana yamekufa, hayana damu.

Na habasoda? Bibi ana nia njema, lakini mafuta hupita kwenye tundu, huganda katika maganda, na daktari hukosa cha kuona. Ya moto yatamuunguza pia. Kitunguu saumu na maji ya chumvi vivyo hivyo. Bibi amkande mgongo, hilo linatuliza kweli.

Maumivu yakiisha msiighairi tarehe. Dawa huwafukuza vijidudu. Ngozi inabaki palepale, ikila.

SWALI: Binti yangu, miaka 7, amepasuliwa sikio kwa ugonjwa huohuo wiki mbili zilizopita. Anawashwa na anataka kwenda baharini na wenzake.
*Baba wa Malindi*

JIBU: Bahari bado. Asiingie mpaka daktari aliyempasua aseme, na hiyo huweza kuwa miezi. Akioga, pamba iliyopakwa mafuta mazito ya kujipaka izibe sikio. Kuwashwa ni kawaida ikiwa bado ana kitambaa cha dawa ndani; asikivute, kikichomoza kata ncha tu. Asipenge kamasi kwa nguvu, na akipiga chafya afungue mdomo. Maumivu hutakiwa kupungua siku hadi siku. Yakigeuka na kuzidi, au harufu ikirudi, mrudishe kliniki. Na miadi ya baadaye msiikose, hata sikio likiwa kavu: ngozi hiyo ina tabia ya kuota tena, ndiyo maana wengi hupigwa picha au hufunguliwa mara ya pili baada ya miezi 9 hadi 12.