Kwetu hakukunyesha, maji yametoka wapi?

SWALI: Ami, assalaam alaykum. Vuli hii nilikuwa narudi Wete na vespa. Kwetu manyunyu tu, lakini bondeni nikakuta maji yamefunika barabara, yanafika magotini. Nikavuka. Vespa ikazima, nikazolewa mpaka kwenye mpunga wa watu. Mke wangu ananiita mjinga. Ningejuaje? Halafu kisima chetu kimeingia maji hayo, tunywe? — Kijana wa Wete

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mkeo kasema kweli, ila mimi sina ubavu wa kukucheka. Baiskeli yangu ya kwanza ilichukuliwa na bonde hivyo hivyo, nikaikuta kesho yake imenasa kwenye mgomba, tenga la mihogo halipo.

Sote wawili tuliangalia mbingu ya juu ya vichwa vyetu. Wingu la radi halitandi kisiwa kizima. Litamwaga kilimani, na upande wa pili majamvi ya karafuu bado yameanikwa uani. Mvua ya milimita 50 ni lita 50 kwa kila mita ya mraba, ndoo mbili na nusu. Sasa zidisha kwa kilima. Vilima vyetu Pemba ni vifupi lakini vimesimama, mabonde yako chini yake hapo hapo, na ardhi ikishashiba maji hayana pa kwenda ila kwako. Unguja ni mengine: mashariki kwenye maweni maji yanazama kwenye nyufa za jiwe, na mtaani Mwanakwerekwe hayakimbii, yanakaa.

Kwa hiyo tazama maji. Yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, yakaja na majani na vijiti, na huko juu ukasikia mvumo, rudi ulikotoka, kisha panda juu. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, ya 30 kuelesha gari dogo. Wewe uliingia ya magoti! Na chini ya tope lile huoni kama barabara bado ipo.

Kisima msinywe. Waiteni watu wa afya, kikaushwe, kitiwe klorini. Kwa sasa chemsheni ya kuchota kwingine.

Vespa usiipige kiki kabla ya kutoa plagi na kumwaga maji yaliyomo ndani. Na mwenye mpunga, nenda kamwone mapema, kabla hajakusikia kwa watu.