Jibu: Punda wa Shela anayejikuna shingo na mkia

Salaam ndugu. Kama nimekuelewa, punda wako anajisugua ukutani tangu masika yaanze, singa za shingo zimekatika, mzizi wa mkia una vidonda, na dawa ya kupe uliyompulizia haijasaidia.

Anza na hiyo dawa. Kama chupa imeandikwa amitrazi, acha leo hii. Ng'ombe huistahimili, lakini punda yaweza kumfunga tumbo hadi afe.

Halafu mpekue manyoya juani. Ukiona chawa, au mayai yao yamegandia, umeshapata jibu. Wenzake wa zizi moja wakijikuna pia, shuku chawa au utitiri. Akijikuna peke yake, tena kila mwaka majira hayohayo, mimi nashuku mzio wa usubi: mate yao ndiyo yanayomwasha, na si kila punda huathirika.

Usubi huuma zaidi magharibi na alfajiri, huzaliana kwenye tope na samadi, na penye upepo hawawezi kuruka vizuri. Wangu nilimtoa karibu na mikoko nikamlaza panapovuma upepo wa bahari. Ilisaidia kuliko mafuta yote niliyompaka. Zoa samadi kila siku. Sogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, lisiguse kidonda (wabeba mchanga hawapendi kusikia hili).

Sindano ya kutuliza mwasho ipo, ila usiidunge kwa kubahatisha, maana nyingine huweza kumletea ugonjwa wa kwato. Mpeleke hospitali ya punda Lamu mjini, wamkwangue ngozi na kuipima kwanza.