Barua kwa mwanangu: hidrolojia au usimamizi wa rasilimali za maji?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Unaniambia kwamba umepata nafasi mbili za shahada ya uzamili, moja ya hidrolojia, yaani sayansi ya kupima na kuelewa mwendo wa maji, na nyingine ya usimamizi wa rasilimali za maji. Kwamba wenzako uliosoma nao uhandisi wanaiita hii ya pili shahada ya semina. Na kwamba umebakiwa na wiki tatu za kujibu. Kisha unaniuliza mimi, niliyepima mito kwa miaka 26 bila kuwa na shahada hata moja, mtu aliyekwisha kuzoea hesabu atapungukiwa na nini akienda kusoma usimamizi.

Sitakuzungusha. Nenda kasome usimamizi, ila iwe katika programu itakayokulazimisha kuingia majini na kuitafuta namba kwa mikono yako kabla hujafundishwa kuigawa. Kama hiyo uliyoipata haina sehemu ya namna hiyo, chukua hidrolojia, na mambo ya sheria na majadiliano utayasoma baadaye ukiwa kazini. Nakupa na sababu zangu, maana najua mhandisi hakubali jibu tupu.

Darasani ulikuwa ukipewa mtiririko wa mto kama kitu kilichokwisha kujulikana: mita 40 za ujazo kwa sekunde, haya, endelea na swali. Mtoni hakuna anayeuona mtiririko. Kinachoonekana ni kina tu, nacho husomwa kwenye skeli, ubao wenye alama za urefu uliosimikwa ukingoni. Ili kina hicho kigeuzwe kuwa mtiririko, lazima mtu aingie na mita ya mkondo, kifaa chenye propela ndogo ya kupimia kasi ya maji, na kuvuka mto akifuata kamba iliyotiwa alama, akisimama mara 20 au zaidi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kila anaposimama hupima kina, kisha hushusha propela hadi sehemu sita za kumi za kina hicho kutoka juu, kwa sababu hapo ndipo kasi ya maji hukaribia wastani wa mstari mzima wa wima. Maji yakiwa ya kina kirefu hupima mara mbili, kwenye sehemu mbili za kumi na kwenye nane za kumi, akachukua wastani wake. Mizunguko ya propela anaisikia masikioni, tik, tik, tik, huku mkondo ukimsukuma mapaja na mkono mmoja ukiwa kwenye saa. Baada ya vipimo vingi vya misimu tofauti ndipo unapochorwa mstari unaohusisha kina na mtiririko, na kuanzia siku hiyo kila kina kinachosomwa hupitishwa kwenye mstari huo.

Sasa jiulize mstari huo umejengwa na siku zipi. Ni siku za kiangazi na za maji ya wastani, kwa sababu siku ya mafuriko makubwa hakuna mwenye akili timamu anayeingia mtoni na propela. Sehemu ya juu ya mstari, ambayo ndiyo wasanifu wa madaraja na mabwawa wanayoitaka kuliko nyingine, mara nyingi imerefushwa kwa makadirio. Mimi mwenyewe nimeshika rula nikairefusha. Sikufanya kosa, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, lakini mtu aliyekuja kuitumia namba hiyo miaka kumi baadaye hakuniuliza.

Kuna kisa ambacho sijawahi kukusimulia. Katika kituo kimoja nilichokabidhiwa, skeli ilikuwa imeng'olewa na mafuriko kabla sijafika, ikasimikwa upya, na sifuri yake ikawa juu ya ile ya zamani kwa sentimita 30 hivi. Hakuna aliyeandika badiliko hilo daftarini. Kwa hiyo kila kina kilichosomwa tangu siku hiyo kilikuwa kimepungua kwa sentimita 30, ingawa mto ulikuwa uleule. Ofisi moja ikachukua takwimu zile, ikaandika ripoti kwamba mtiririko wa kiangazi umeporomoka, na kwa ripoti hiyo wakulima wa juu ya mto wakafutiwa vibali vya kuchukua maji. Niligundua nilipokuta kwenye nguzo ya daraja alama ya zamani ya kupimia urefu, nikalinganisha. Vibali vilirudishwa baada ya misimu miwili. Mkutano wa kuvifuta ulikuwa umeendeshwa vizuri sana, mwanangu: kila kundi la watumiaji lilialikwa, kumbukumbu ziliandikwa, watu wakasaini. Usimamizi haukuwa na kasoro. Kilichokuwa na kasoro ni ile namba iliyowekwa mezani.

Usidhani ni mambo ya vijito tu. Mwaka 1922 majimbo saba ya Marekani yalitia saini mkataba wa kugawana Mto Colorado. Bonde la juu lilipewa takriban mita za ujazo bilioni 9.25 kwa mwaka, na la chini kiasi hichohicho. Mwaka 1944 Mexico nayo ikaahidiwa karibu bilioni 1.85. Jumla ni zaidi ya bilioni 20. Waliogawa mwaka 1922 walitegemea vipimo vya miaka michache ya mwanzo wa karne ya 20, na baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1976 wa pete za miti, ambazo huonyesha miaka ya mvua na ya ukame, ilionekana kwamba miaka ile ilikuwa miongoni mwa miaka yenye maji mengi zaidi katika karne nne, na kwamba wastani wa muda mrefu ulikuwa karibu na bilioni 16.7. Mkataba ungali msingi wa ugawaji hadi leo, na ugomvi wake unaujua. Hapo hidrolojia fupi na sheria ndefu zilifungishwa ndoa, na watoto wao ndio wanaogombana.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba mfano huohuo unawajibu wenzako wanaodharau usimamizi. Hata kama mpimaji wa mwaka 1922 angekuwa na takwimu za karne nne, asingeweza peke yake kuamua nani apunguziwe maji mwaka wa ukame. Mexico na jamii za wenyeji wa asili hazikuwa kwenye meza ile, na hakuna mita ya mkondo inayoweza kuonyesha kwamba mtu hayupo mezani. Kwa mito inayovuka mipaka, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1997, ulioanza kutumika mwaka 2014, unazitaka nchi zitumie mto kwa njia ya haki na inayofaa, na zisisababishane madhara makubwa. Maneno hayo mawili yanavutana. Nchi ya chini ya mto hushika la pili, ya juu hushika la kwanza, na kazi ya kukaa katikati yao ina elimu yake, ambayo mimi sikuipata na niliikosa kila nilipopelekwa kwenye vikao nikiwa na majedwali yangu tu. Nilikuwa nikisema ukweli ambao hakuna aliyejua aufanyie nini.

Utakutana sana na jina la Dublin, mji mkuu wa Ireland. Huko mwaka 1992 zilitangazwa kanuni nne: kwamba maji matamu yana kikomo na ni rahisi kuharibika, kwamba yasimamiwe kwa kuwashirikisha watumiaji, kwamba wanawake wana nafasi ya msingi katika kuyapata na kuyatunza, na kwamba yana thamani ya kiuchumi. (Hiyo ya tatu nilisomewa na mwezeshaji mmoja nikiwa mwanamke pekee ukumbini na matope yakiwa hayajakauka kwenye buti zangu. Sikusema kitu.) Mwaka 2000 ukaenea ufafanuzi wa usimamizi jumuishi wa maji na ardhi pamoja, wenye kutaka ustawi wa jamii, haki na uhai wa mazingira kwa mara moja. Wapo waliolalamika kwamba ufafanuzi huo umebeba kila kitu kiasi kwamba huwezi kusema ni lini umeutimiza, na mimi niko upande wao. Hata hivyo usome, kwa sababu ndio utakaoandikwa kwenye kila mradi utakaoufanyia kazi.

Kuna jambo moja ambalo ningependa ulitumie kuipima programu yenyewe. Kilimo huchukua karibu asilimia 70 ya maji matamu yanayochotwa duniani, na kwa hiyo kila mtu husema tubadilishe mifereji tuweke umwagiliaji wa matone, tuokoe maji. Waulize watakuwa wameyaokoa kutoka wapi. Maji yaliyokuwa yakivuja kwenye mfereji hayakuwa yamepotea yote. Mengine yalirudi mtoni, mengine yakashuka ardhini yakamlisha mwenye kisima cha chini. Mkulima akiyazuia yasivuje, kisha akapanua shamba kwa yale aliyoyabakiza, mazao yake yatavukiza maji mengi zaidi kuliko zamani, na bonde zima litakuwa na machache. Shambani ni ufanisi, bondeni ni upungufu. Mwanafunzi wa usimamizi asiyejua mizania ya maji, yaani hesabu ya yanayoingia na yanayotoka bondeni, atausifu mradi huo. Mwanafunzi wa hidrolojia asiyejua vibali vya maji hatajua pa kuuzuia. Ukikuta somo la programu hiyo linalotofautisha maji yaliyochotwa na maji yaliyotumika yakaisha, ujue walimu wake wanajua kazi.

Kuhusu programu za kompyuta usibabaike. MODFLOW ya maji ya ardhini, SWAT ya mabonde na HEC-RAS ya mito zote hupatikana bure, na zitabadilika mara nyingi kabla hujastaafu. Usichague chuo kwa ajili yake. Jina la chuo nalo lina uzito wake, sikatai. Kule Delft, Uholanzi, wamekuwa wakifundisha wahandisi wa maji kutoka nchi nyingi tangu mwaka 1957, na mtu aliyepita huko hujulikana. Ila mimi nimefanya kazi na wahitimu wa vyuo vikubwa na vya kawaida, na kilichowatofautisha ni tasnifu. Aliyekuwa amekaa miezi mitatu kwenye bonde moja, akagombana na takwimu zake hadi akazijua, alikuwa na manufaa tangu wiki ya kwanza. Aliyekuwa amepakua takwimu za bonde asilolikanyaga, akaendesha modeli hadi mistari miwili, wa modeli na wa vipimo, ikalingana, tulilazimika kumfundisha upya, na wengine hawakufundishika kwa kuwa mistari ilikuwa imelingana.

Ada na gharama tutaongea kwa simu. Hizo si za barua.

Kwa sasa mwandikie mratibu wa programu ya usimamizi, umuulize mambo mawili tu: wanafunzi hukaa mtoni wiki ngapi, na tasnifu za mwaka uliopita zilitumia takwimu za nani. Akijibu, nitumie maneno yake yote, usinifupishie. Akikuambia kwamba takwimu zipo na ni nzuri, muulize kwa adabu nani aliyeikagua sifuri ya skeli mara ya mwisho.

Buti zangu ndefu za kuingilia mtoni bado ziko nyuma ya mlango. Ya kushoto inavuja kidogo kwenye goti. Itie kiraka kabla hujaondoka nazo.

Ni mimi,
Mama yako