Mtutu wa bunduki ya shabaha: anza na kichwa cha risasi, kampuni baadaye

Mkuu uliyeuliza kuhusu mtutu wa hiyo bunduki yako ya Remington 700, nimesoma majibu ya juu, naona wengi wamekimbilia kukutajia kampuni. Mimi nipo Texas, napiga shabaha za mbali na mitutu ya bunduki zangu nafunga mwenyewe miaka sasa, ngoja nikuandikie kirefu kidogo. Umesema unataka mtutu wa 6.5 Creedmoor (hiyo ni saizi ya risasi) wa kupigia shabaha za karatasi kuanzia yadi 300 mpaka 1,000, unapiga umelala chini na bipodi (miguu miwili ya kushikilia bunduki mbele), bajeti ya mtutu dola 600, na unauliza kama uchukue wa kaboni, inchi 24 au 28, na kama unaweza kufunga mwenyewe.

Kabla ya kampuni, kabla ya urefu, amua kwanza utapiga kichwa cha risasi kipi. Hapo ndo kila kitu kinaanzia kwa sababu ya msokoto, yaani ile mifereji ya ndani ya mtutu inakamilisha mzunguko mmoja kwa kila inchi ngapi. Kichwa kirefu kinataka kuzungushwa haraka zaidi ndo kitulie hewani, na angalia nimesema kirefu, sio kizito, uzito watu wanautaja tu kwa sababu ndo umeandikwa kwenye boksi. Mwingereza Greenhill alishaipigia hesabu hii tangu 1879 na mpaka leo wazo ni lile lile, tofauti ni kwamba siku hizi una kikokotoo kwenye simu. Kwa 6.5 Creedmoor na vichwa vya greini 140 hivi (greini ni kipimo cha uzito), chukua moja kwa nane, yaani mzunguko mmoja kila inchi nane, usiumize kichwa. Ungekuwa unajenga .308, saizi nyingine ya risasi, ya vichwa vya greini 175 ningekwambia moja kwa kumi, inatosha kabisa. Kwenye .223, risasi ndogo zaidi, ndo watu wanaumia sana, ananunua mtutu wa zamani wa moja kwa kumi na mbili uliotengenezwa kwa vichwa vifupi vya greini 55, halafu anaweka greini 77. Nenda kaangalie karatasi yake: badala ya tundu la duara unakuta tundu refu lenye umbo la kichwa cha risasi kilicholala ubavu, maana yake kilifika kinapinduka. Hapo hata ufunge skopu ya dola elfu tatu hakuna kitu.

Ukiwa kati ya misokoto miwili chukua wa haraka kidogo. Hasara yake kwenye karatasi ni ndogo mno, ila ukichukua wa polepole kupita kiasi hakuna dawa zaidi ya kununua mtutu mwingine.

Urefu. Kwa kila inchi unayoongeza unapata kasi ya ziada kama futi 20 hadi 25 kwa sekunde, kwa hiyo 24 kwenda 28 unaongelea futi 80 mpaka 100. Sio kidogo ukiwa yadi 1,000 na upepo unavuma, lakini mtutu mrefu wa unene ule ule unapindika kirahisi zaidi, unacheza, na bunduki inaelemea mbele. Mimi kwa matumizi yako ningechukua 26 mnene na nisiangalie nyuma. Wale wa Palma, mashindano ya shabaha za mbali, wanaopiga .308 yadi 800, 900 na 1,000 wanatumia mpaka inchi 30 kwa sababu .308 inahitaji kila futi inayoweza kupata, 6.5 haina shida hiyo.

Kaboni achana nayo. Ni kitu kizuri na kimetengenezwa kwa akili, ndani kuna chuma chembamba nje kimeviringishiwa kaboni, lakini unachonunua pale ni wepesi, na wepesi unamfaa mtu anayepanda mlima kuwinda. Wewe umelala chini mkuu, uzito ni rafiki yako, unapunguza teke na unakuwezesha kuona risasi yako ikipiga. Hiyo hela ya ziada nunua risasi ukafanye mazoezi.

Chuma chukua stenlesi ya 416R, ndo mitutu mingi ya shabaha inatengenezwa nayo. Na kwa wanaokaa karibu na pwani ya Ghuba kama mimi, stenlesi nayo inashika kutu, inachelewa tu, ufute kwa kitambaa chenye mafuta kila ukirudi.

Sasa kampuni. Krieger na Bartlein, wote wa Wisconsin, wanachonga mifereji kwa kisu kidogo kidogo. Shilen wa hapa hapa Texas na Lilja wa Montana wanapitisha kidude kigumu kinachokandamiza mifereji kwa mara moja. Watu wanabishana njia ipi ni bora mpaka wanakosana, mimi nimepiga na zote na kwenye karatasi sijaona sababu ya kugombana. Kinachonihusu zaidi ni kama mtutu umesuguliwa ndani kwa mkono, na nani amechonga chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, maana mtutu bora ukichongewa chemba iliyopinda umeharibika.

Kufunga mwenyewe inawezekana, tafuta mtutu wa Remington uliochongwa chemba tayari na unaobanwa kwa nati, mfumo kama ule wa bunduki za Savage. Utahitaji vaisi, spana ya nati, na geji mbili za 6.5 Creedmoor, GO na NO-GO, vipande vya chuma vya kupimia nafasi ya chemba. Vua pini ya kupigia na kile kisukumio cha ganda kwenye boliti (kile kifungio cha nyuma cha chemba) ili mkono wako uhisi vizuri. Weka GO, funga boliti, zungusha mtutu taratibu mpaka uguse geji, kaza nati, halafu PIMA TENA kwa sababu nati ikikaza inasogeza mtutu kidogo. Boliti inatakiwa ifunge kwenye GO kwa kidole bila nguvu, na kwenye NO-GO igome. Isipokuwa hivyo usipige hata moja, mpelekee fundi mwenye leseni, presha ya ndani pale sio ya kuijaribu na uso wako uko sentimita chache tu kutoka kwenye boliti. Na wasomaji wa Kenya na Tanzania, huko silaha na vipuri vyake vina sheria zake na vibali, haya naongelea mtu mwenye bunduki yake halali Marekani.

Ukishafunga usihukumu mtutu kwa risasi tatu. Tatu zinaweza kukaa pamoja kwa bahati, piga kumi kwenye karatasi moja ndo uone sura halisi. Na mwanzoni kasi itapanda yenyewe kwenye risasi mia moja, mia mbili za kwanza, kwa hiyo usikimbilie kurekodi dopu za mbali, yaani vipimo vya kurekebisha skopu kwa kila umbali.

Mwisho mtutu ni kama tairi, unaisha. 6.5 Creedmoor kwa ushindani wengi wanapata risasi 2,000 mpaka 3,000 hivi, .308 inaenda mbali zaidi ya hapo. Ukiingiza kamera ndogo utaona pale mbele ya chemba nyufa ndogo ndogo zinakatizana na mwanzo wa mifereji umeliwa na moto. Ukipiga kumi haraka haraka bila kuuacha upoe unauwahisha kuisha. Watengenezaji wazuri wanaweza kukuweka foleni miezi, kwa hiyo kama unapanga kupiga mechi msimu mzima, agiza wa pili huu wa kwanza ukiwa umefika nusu ya maisha yake.