Mtama wangu unaliwa na ndege, nivune lini?

SWALI: Shikamoo dada, niko Dodoma, nimepanda mtama wa mbegu ya Macia nyuma ya nyumba, sasa ndege wananimalizia, nivune tu mapema ama?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, ila usivune mbichi jamani, punje zitasinyaa na unga utakuwa hamna kitu. Ndege wanapenda punje ikiwa bado na maziwa, kwa hiyo hapo ndo uvalishe kila suke mfuko wa khaki ama kipande cha chandarua kikuukuu, funga kwa chini, nailoni hapana maana inatunza unyevu na ukungu unaingia. Kwa shamba la nyumbani hii kazi inawezekana kabisa.

Kujua umekomaa, chomoa punje moja uangalie pale iliposhikia suke, ukiona kadoa keusi basi tayari, na ukiing'ata iwe ngumu. Kata suke kwa kisu, anika juu ya turubai, sio chini kwenye udongo, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ndo inapoanzia, halafu pura kwa fimbo taratibu ndani ya gunia, upepete kwa ungo. Mabua wape mbuzi yakishakauka, mabichi yanaweza kuwadhuru.